Adeniamu yangu imegeuka rangi

SWALI: Shikamoo Bibi Bustani. Mwaka jana nilinunua adeniamu, ile waridi ya jangwani, kwa wauza miche wa barabarani hapa Dar es Salaam. Maua yake ni rangi ya damu ya mzee, petali zimepangana tabaka tabaka. Bei yake ilimfanya mume wangu anune. Sasa tawi moja limetoa maua ya pinki, petali tano tu, kama ya porini. Muuzaji anasema ni mbolea. Je, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia? Na nikipanda mbegu zake, nitapata yale mekundu?
Msomaji, Mbezi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukuibiwa, ila huyo wa mbolea asikuzuge. Mbolea haipunguzi petali. Mche wako ni wa kubebeshwa. Juu ni kikonyo cha aina iliyochaguliwa, na nyingi za namna hiyo zimezalishwa Thailand na Taiwan. Chini ni mche wa kawaida uliooteshwa kwa mbegu. Chutama uangalie shingo yake, juu kidogo ya lile bonge la shina lililovimba. Utaona kovu, pengine lenye umbo la V, na gome la juu halifanani na la chini. Hilo tawi la pinki limechipua chini ya kovu. Ukiliacha litanyonya chakula chote, na kikonyo ulichonunulia mche kitadumaa.

Likate palepale lilipochomoza, usiache kisiki. Tumia kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, na uvae glavu. Utomvu wake ni sumu inayoshika moyo. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huuchemsha mpaka ukawa mzito, wakapaka mishale ya kuwindia. Kwa hiyo watoto wasiuguse, na mbuzi wa jirani vilevile. Usimwagilie mpaka kidonda kikauke.

Mbegu? Panda ukipenda. Maganda hutoka mawili mawili mfano wa pembe, na kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, hivyo maganda yafunge uzi mapema. Yakipasuka tu, upepo umeshazichukua. Lakini watoto hawatafanana na mama. Ukitaka mekundu yaleyale, mtafute fundi akubebeshee. Kuchomeka tawi nako kunawezekana, ila mara nyingi mche wa tawi haufanyi bonge nono, na bonge ndilo linaloipa adeniamu sura yake.

Mimi, kusema kweli, hayo ya petali tano ndiyo ninayoyapenda. Pita njia ya Mombasa kwenda Voi wakati wa kiangazi: majani hakuna, matawi yamejaa pinki. Haya ya tabaka mvua ikiyanyeshea yanalowa, yanainama, yanaoza yakiwa bado hayajafunguka vizuri.

Basi hilo tawi usilitupe. Lianike kivulini wiki nzima, kisha ulichomeke kwenye mchanga mnene kwenye chungu chenye matundu. Masika ikianza, vyungu vyote viwili vihamie barazani. Na uwe unalibinya bonge mara kwa mara: likibonyea, huenda limeanza kuoza.