Mzee alipata pointi 35, mbona akaanguka?

SWALI: Niko wodi ya wanaume hapa Lamu. Tulimlaza mzee wa miaka 71, nahodha wa zamani, ana nimonia na kisukari. Kwa kipimo cha Morse, ile fomu ya pointi za kukadiria hatari ya mgonjwa kuanguka, alipata 35, hatari ya wastani. Usiku wa pili akaanguka akienda msalani. Fomu ni mbovu au tulikosea sisi? – Muuguzi

JIBU: Pole, mwenzangu, na mzee mpe pole zangu.

Hizo 35 nadhani ni 15 za ugonjwa wa pili na 20 za dripu. Basi mwendo na tegemeo (anachoshikilia akitembea) mliviandikia sifuri kwa kuwa mlimkuta amelala. Mwendo haupimwi mtu akiwa kitandani. Kama hali yake inaruhusu, mwombe ashuke, apige hatua chache nawe ubavuni. Mwenye bakora hupata 15, lakini anayeshikilia kitanda cha jirani na ukuta hupata 30. Wengi huipita tofauti hiyo. Hatua zikiwa dhaifu, ongeza 10.

Kisha muulize: "Baba, utaweza kwenda msalani peke yako?" Akijibu "naweza", na wewe umeona hawezi, weka 15. Hapa ndipo wazee wetu wa pwani wanapotuponyoka. Mtu aliyeshika usukani maisha yake yote huona haya kumwita binti amshike mkono aende chooni. Kwa hayo matatu, yaani 30, 10 na 15, 35 zingefika 90.

Pima tena hali inapobadilika. Pima na presha: kwanza amelala, halafu amesimama dakika moja, halafu ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, huyo akisimama ghafla huenda akaona kizunguzungu. Kama anameza dawa ya kukojosha jioni, zungumza na daktari ihamishwe asubuhi.

Kuhusu fomu yenyewe: Janice Morse aliichapisha 1989, na mpaka wa 45 tunaoutumia wengi kusema hatari ni kubwa haukukusudiwa kila wodi, kila mahali pauchague kwa wagonjwa wake. Uingereza, mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, ulikataza kabisa kutabiri kwa pointi, ukataka kila aliyelazwa mwenye miaka 65 au zaidi ahesabiwe yuko hatarini. Nakubaliana nao. Fomu naijaza bado, kwa sababu inanilazimisha kuuliza, lakini kwa umri wake tu mzee wenu alistahili uangalizi, hata angepata 10.

Sasa ana 25 nyingine za kuanguka. Kikoi kisiburure sakafuni, ndara zilizolika soli zibadilishwe, kengele au mtu wa kuitwa awe karibu. Tena muulize huamka saa ngapi kutawadha kwa swala ya alfajiri. Wakati huo taa huwa zimezimwa, sakafu ya msalani ina maji, na zamu imechoka. Aliye zamu amfikie kabla hajajiinua.