Kuvunja bondi ya ATP: kunatoa nishati au kunakula nishati?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, PCB. Mwalimu wetu wa bios anasema ATP (molekyuli inayobeba nishati ndani ya seli) ina bondi zenye nishati nyingi, ukizivunja nishati inatoka. Wa kemia anasema kuvunja bondi yoyote lazima utumie nishati. Nani yuko sahihi? Alafu kama ATP ndo kila kitu, kwa nini mwili usiiweke akiba yenyewe badala ya kuhangaika na mafuta?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nafundisha biokemia chuoni na swali lako la kwanza nalikuta hadi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, kwa hiyo usijione umechelewa, na nimefurahi umewasikiliza walimu wote wawili mpaka ukaona wanagongana.

Wa kemia yuko sahihi. Hakuna bondi inayotoa nishati kwa kuvunjwa, zote unalipa. Wa bios hakosei kuhusu matokeo, ila lugha anayotumia ni ya tangu 1941, mwanabiokemia Fritz Lipmann alipoichora bondi ile ya fosfeti kwa kamstari ka mawimbi akaiita yenye nishati nyingi, basi kamstari kakaingia vitabuni na watu wakaanza kudhani kuna kitu kimefungiwa mle ndani kinasubiri kutoka. Hakuna. Kinachotokea ni kwamba ATP inakutana na maji, bondi moja inavunjwa, hapo umelipa, papo hapo zinatengenezwa bondi mpya kwenye ADP (ATP iliyopungua fosfeti moja) na fosfeti iliyoachiwa, hapo unapokea, na unachopokea kinazidi ulicholipa. Kinazidi kwa sababu fosfeti 3 za ATP zimebanana mstari mmoja zote zina chaji hasi zinasukumana, zikiachana kila moja inatulia na maji yanaizunguka vizuri zaidi. Ukipiga hesabu kwa vipimo vya kawaida vya maabara inakuja kama kilojuli 30.5 kwa moli.

Lakini ndani ya seli hai ni kama kilojuli 50, na hapa ndo naomba utulie maana vitabu vingi vinapita haraka. Molekyuli ni ileile, bondi ileile, sasa hizo 20 za ziada zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kiasi: seli inahakikisha ATP ni nyingi na ADP ni kidogo muda wote, mbali sana na msawazo wake, yaani pale ambapo viwango vya ATP na ADP vingetulia vyenyewe bila kubadilika tena. Fikiria simtanki lililoko juu ya mnara. Maji yale ni yaleyale ya kisimani, ila ya kisimani hayakupi presha bombani na ya juu yanakupa, sababu kuna mota imeyapandisha. ATP ikiachwa ifike kwenye msawazo wake haina kazi yoyote inayoweza kukufanyia, hata kama bondi zake hazijabadilika hata kidogo.

Na mota yenyewe iko kwenye mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotengeneza ATP. Elektroni zinazotoka kwenye chakula zinapokezana kutoka protini moja hadi nyingine mpaka zifike kwa oksijeni, na njiani nguvu yake inatumika kusukuma protoni nje ya utando wa ndani, zinarundikana huko hadi utando unabeba kama milivolti 150, alafu zinarudi kwa kupitia enzaimu inayozunguka kweli kabisa, kama turbini ya bwawa la umeme, kila mzunguko mmoja ATP 3. Kwenye jani ni mchezo uleule, ila kwenye kloroplasti kinachozisukuma elektroni ni mwanga wa jua. Mwanabiokemia Mwingereza Peter Mitchell alilisema wazo hili la protoni mwaka 1961, wengi wakalikataa kwa miaka, akaendelea na utafiti wake kwenye nyumba aliyoikarabati mwenyewe huko Cornwall, na mwaka 1978 akapewa Nobel. Mimi namheshimu sana huyu mtu.

Kitu kingine, ukiiweka ATP na enzaimu ya kuikata kwenye kikombe cha maji utapata joto tu, kazi hakuna. Ili kazi ifanyike lazima ATP ikae kwenye protini na kuibadilisha umbo. Umeshakaa karibu na mbuzi akichinjwa? Mwanzoni miguu imelegea unaikunja unavyotaka, baada ya masaa kadhaa imekakamaa kama mti. Wengi wanadhani msuli unahitaji ATP ili uvute tu, kumbe hata kuachia: msuli unavuta kwa protini mbili, mayosini na aktini, na kichwa cha mayosini kikishashika aktini hakiachii mpaka ATP mpya ije ikae juu yake, alafu ATP hiyo ikishakatwa ndo kichwa kinajitega tena kwa mvuto unaofuata. Mbuzi kashakufa, mota imezimika, ATP imeisha, vichwa vimeng'ang'ania pale vilipo.

Sasa akiba. Gramu moja ya mafuta inakupa kama kilojuli 37, gramu moja ya ATP inakupa kama 0.1 tu. Ungetaka kubeba mahitaji ya siku nzima kwa ATP iliyo tayari ungebeba mzigo unaokaribia uzito wako mwenyewe. Ndo maana mwilini wakati wowote ipo kama gramu 50 hadi 100 tu, na kila molekyuli inatumika na kutengenezwa upya tena na tena kutwa nzima. Ukikimbia mbio za kasi, ATP ile ya msulini ni ya sekunde 2 au 3, kriatini fosfeti (akiba ya haraka ya msuli inayorudishia ADP fosfeti) inakubeba hadi kama sekunde 10, baada ya hapo glaikojeni (glukozi iliyounganishwa ikawekwa akiba), na safari ndefu ni mafuta. Glaikojeni nayo inabeba maji mengi kwa hiyo ni nzito, kwa mtu mzima ni kama nusu kilo tu misuli na ini kwa pamoja.

Kwenye mtihani andika "hidrolisisi ya ATP inatoa nishati" (hidrolisisi ndo ile ya ATP kukatwa kwa maji), usiandike "kuvunja bondi kunatoa nishati". Na ukikuta glukozi moja inatoa ATP 38 ujue hiyo ni hesabu ya zamani, siku hizi tunasema 30 hadi 32, kwa sababu baadhi ya protoni zinatumika kuingiza fosfeti na ADP ndani ya mitokondria.