Jina Langu Lipo Kwenye Ndege, Ila Ndege Si Yangu

Mpwa wangu, ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema dada ameizungusha ile picha kwa ukoo mzima, sasa mimi ni rubani wa ndege za kivita Marekani, na unauliza upitie njia gani nawe uje urushe "kama mjomba". Halafu mwishoni kabisa, kwa adabu, ukachomeka kwamba rubani hawezi kukosa dola 2,000 za kukukopesha. Haya, kaa nikueleze.

Jina lililo kwenye mlango wa gurudumu la mbele ni langu, sikatai. Fundi anayekabidhiwa ndege huandikwa jina juu yake, ndiyo desturi ya Jeshi la Majini. Mimi ndiye ninayefuta kioo, ninayekagua matairi na haidroli, ninayemfunga rubani mikanda kisha kumpigia saluti akiondoka. Yeye anapaa, mimi nabaki na tambara mfukoni. Asubuhi tunapanga mstari bega kwa bega, vichwa chini, tunatembea uwanja mzima tukiokota kokoto na vipande vya waya, maana injini ikimeza kimoja imekwisha. Mtu mzima na stashahada yangu, naokota kokoto.

Nilipotuma picha sikusema mimi ni rubani. Sikusema pia kwamba siyo. Watu waliposhangilia nikanyamaza, na mwezi mzima nikafurahia kunyamaza kwangu. Hilo ni langu, usimlaumu mama yako.

Sasa hao marubani wenyewe. Kikosi chetu ni cha mafunzo ya mwisho, kabla mtu hajapelekwa kwenye kikosi cha kazi. Vya Super Hornet, ndege ya kivita ninayoihudumia, viko Lemoore, California, na Oceana, Virginia. Anayefika hapa ameshaanzia Pensacola, Florida, akafundishwa T-6, ndege ndogo ya mafunzo ya pangaboi, akaenda Kingsville, Texas, au Meridian, Mississippi, kwenye Goshawk, jeti ya mafunzo, na mabawa ya dhahabu, beji ya rubani, ameshavalishwa kifuani. Kwenu huyo angekuwa amemaliza. Hapa bado anaitwa mwanafunzi, na ana karibu mwaka mzima mbele yake: kuijua ndege yenyewe, makombora, mabomu, kupigana angani, kujaza mafuta hewani, na mwisho kabisa kutua kwenye manowari ya kubeba ndege usiku.

Hapo kwenye usiku ndipo ninapowahurumia. Kwanza wanazoezwa nchi kavu, kwenye uwanja uliowekewa taa kama za manowari, wanagusa na kupaa, wanagusa na kupaa, hadi masikio yetu yanachoka. Kisha baharini. Ndege inakuja kwa karibu kilomita 250 kwa saa, ndoano ya mkiani lazima inase waya mmoja kati ya mitatu au minne iliyotandazwa kwenye sitaha. Na magurudumu yakigusa tu, rubani anasukuma injini hadi mwisho badala ya kuzipunguza, kwa sababu ndoano ikikosa waya lazima apae tena. Kando amesimama ofisa anayeandika alama ya kila utuaji. Hakuna wa kumdanganya.

Usiku mmoja rubani kijana wa ndege yangu alikosa waya mara mbili, ya tatu akanasa. Nikapanda ngazi kumfungua mikanda. Glovu zimelowa, goti linaruka peke yake kama la mtu mwenye homa. Akaniambia, "Nipe dakika moja." Nikampa. Aliposhuka nilimshika kifundo cha mguu na kukiweka kwenye kila kipago, kama unavyomshusha mtoto mtini. Ni ofisa, mimi ni mtu wa chini, lakini pale hatukukumbuka vyeo. Mwenzake wa darasa moja hakuvuka hatua hiyo. Jina lilitoka kwenye ratiba, basi, hakuna aliyelitaja tena mezani.

Kwa hiyo usije. Nasema usije kwa sababu unadhani ni kufika tu na kukabidhiwa usukani. Rubani lazima awe ofisa, na ofisa lazima awe raia mwenye digrii, afaulu mitihani na vipimo vya macho na mwili. Mimi niliingia kwa grini kadi, na grini kadi ilinifikisha kwenye tambara. Uraia niliupata humohumo jeshini, bila kulipa ada, lakini miaka ilikuwa imeshakwenda.

Wewe una miaka 19. Ukibahatika kupata hiyo karatasi, njoo, tena njoo haraka! Ila usikimbilie kusaini kwa ofisa uandikishaji wiki ya kwanza kama mimi. Soma kwanza, umalize digrii, ndipo ugonge mlango wa maofisa. Na ujue ukivaa mabawa ya jeti unawadai wao kazi? Hapana, wao wanakudai wewe: miaka minane tangu siku ya kuvishwa. Kama hutaki kudaiwa, bakia huko, usomee uhandisi wa ndege, ulale kwako. Sijui kwa nini nakwambia ubaki wakati juzi nilijaza fomu ya kuongeza mkataba.

Picha mwambie dada asiifute. Amwambie tu anayeuliza kwamba ndugu yake ndiye anayehakikisha ile ndege inarudi. Na zile 2,000 hazipo. Tarehe 15 tukilipwa nitakutumia 200, na si mkopo.