Maswali ya Wasomaji: Bustani Iliyo Kando ya Beit al-Ajaib

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipotembelea Unguja niliona jinsi nyumba za Mji Mkongwe zilivyobanana, lakini pale Forodhani, kati ya Beit al-Ajaib na Makumbusho ya Kasri, pana bustani tu. Je, paliachwa wazi kwa makusudi? Na ngome iliyo jirani ilijengwa na Wareno, kama alivyotueleza mtembeza watalii? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Mahali hapo palikuwa na jumba, likabomolewa kwa mizinga. Katika karne ya 19 masultani walikuwa na majumba matatu yaliyokaribiana ufukweni: Beit al-Sahel, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib, ambayo ndiyo ya mwisho kujengwa, kwani Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883. Yaliunganishwa kwa njia za juu zilizofunikwa, ili wanawake wa ukoo wa sultani wapite kutoka jumba moja hadi jingine bila kuonekana na watu wa barabarani.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki sultani, Sayyid Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akaingia kasrini papo hapo bila ridhaa ya Waingereza, waliotaka Hamoud bin Mohammed awe sultani. Muda aliopewa wa kuondoka ulikwisha saa tatu asubuhi ya tarehe 27, manowari zikaanza kupiga, na kabla ya saa nne mambo yalikuwa yamekwisha. Watembeza watalii hupenda mno kuzihesabu dakika za vita hivyo, jambo linalochekesha wageni na kuwasahaulisha kwamba watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Khalid mwenyewe alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam.

Sura ya ufukwe unayoiona leo ilitokana na asubuhi ile. Beit al-Sahel iliharibika vibaya, na mahali pake likajengwa jumba jipya, ambalo sasa ndilo Makumbusho ya Kasri. Beit al-Hukm haikujengwa tena. Kiwanja chake kikawa hiyo bustani uliyoiona. Mnara wa saa uliokuwa mbele ya majumba ulianguka, na katika ukarabati uliofuata Beit al-Ajaib, ambayo haikudhurika sana, ikawekewa mnara wake. Kwa bahati mbaya, jumba hilo lililostahimili mizinga liliporomoka sehemu yake, pamoja na mnara huo, tarehe 25 Desemba 2020. Kwa maoni yetu, kibao kinachoeleza habari za Beit al-Hukm kingewafaa wageni kuliko simulizi nyingi wanazopewa.

Bustani ya Forodhani yenyewe, wanakouza urojo jioni, ni jambo jingine: ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Haroub, na ikakarabatiwa upya mwaka 2009.

Kuhusu Ngome Kongwe, aliyekutembeza alikaribia ukweli. Wareno walijenga kanisa mahali hapo. Waarabu wa Omani walipowatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17 ndio waliojenga ngome, na mabaki ya kuta za kanisa yangali ndani yake. Baadaye iliwahi kuwa gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumika kama bohari ya vifaa vya reli.