Usiite kila kitu mbolea

Ukimwomba jirani wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, mbolea, huenda akakujazia gunia la mavi ya punda ya jana, nawe ukayamwaga kwenye mashimo ya mchicha. Neno lenyewe halina kosa: mbolea ni chochote kinacholisha mmea, kitoke zizini au dukani. Ila halikwambii kama kimeiva.

Samadi ni kinyesi cha mifugo. Ikiwa mbichi, hasa ya kuku, hutoa amonia inayounguza mizizi, na majani huanza kukauka ncha. Ya punda ina balaa jingine: punda hacheui, kwa hiyo mbegu nyingi za nyasi alizokula hutoka nzima, na kitalu chako kikageuka malisho.

Mboji ni ile iliyokwisha kuoza. Panga samadi na majani makavu kwa matabaka mpaka kimo cha mita 1 hivi. Lundo dogo halipati moto. Rashia maji kiasi kwamba ukikamua konzi moja, yatoke matone mawili matatu tu. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka cha moto, mambo yanakwenda. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikinuka uvundo, maji yamezidi, lipindue. Kwa vyovyote pindua kila wiki 2 au 3, ya nje uyaingize ndani, ili kila mbegu ipate joto la kuiua. Miezi 3 hivi, ikinukia udongo wa mvua ya kwanza, tayari. Shimo la mwembe la sentimita 60 kila upande hutaka debe 1, lichanganywe na udongo wa juu.

Rutuba ni uwezo wa udongo kushika maji na chakula, na mchanga wetu wa pwani hushika kidogo. Kwa hiyo mbolea ya kukuzia, kama CAN, ile ya dukani yenye nitrojeni, igawe mara mbili, ya kwanza mahindi yakifika magotini. Ukitia yote pamoja, mvua kubwa huizamisha chini ya mizizi. Ya kupandia ni kama DAP, 18-46-0, yaani asilimia 18 nitrojeni, 46 fosfeti, bila potasiamu: kizibo 1 cha soda kwa shimo, ifukie kwanza ndipo utie mbegu. Zikigusana, mbegu huungua.

Matandazo, kama makuti makavu, hukaa juu ya udongo. Ukiyafukia, yanapooza hunyang'anya mmea nitrojeni, na majani huwa manjano.