Sindano za kujaza mashimo ya chunusi
Dada, umeuliza kama sindano ya kujaza ngozi itaondoa mashimo uliyoachiwa na chunusi. Inategemea shimo lenyewe. Simama mbele ya kioo, uvute shavu taratibu kwa vidole viwili: shimo likisawazika, sindano huenda ikasaidia. Lile jembamba lenye kina, kama limetobolewa kwa msumari, halijaziki hivyo. Asidi ya hayaluroniki, kijazo kinachotumika sana kwenye sindano hizi, huisha yenyewe, mara nyingi kati ya miezi 6 na 18, kwa hiyo utalipa tena. Chunusi zitulie kwanza. Na tafadhali usidungwe saluni, iwe River Road au Westlands, Nairobi! Asidi hiyo ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, hata jicho likapofuka. Tafuta daktari wa ngozi aliyesajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya, umuulize kama ana dawa ya kuiyeyusha asidi hiyo palepale kliniki.