Maswali ya Wasomaji: Kadi ya mtandao imetoweka kwenye seva

Swali: Seva yetu ya Linux hukaa vizuri siku kadhaa, halafu mtandao unakatika ghafla. Nikiandika `ip link` naona `lo` (njia ya ndani ya mashine yenyewe) peke yake. Tukiizima na kuiwasha, kadi inarudi, kisha inapotea tena. Je, kadi imekufa?

Jibu: Yaelekea bado hai. Kadi iliyoungua kwa kawaida haifufuki kwa kuwasha mashine upya. Safari ijayo usikimbilie kuizima, maana utapoteza hali yenyewe unayotaka kuichunguza. Ingia kwa kibodi na skrini, au kupitia mlango wa usimamizi wa seva kama upo, uandike:

`lspci -nnk | grep -iA3 ethernet`

Kadi ikiwa haimo kwenye orodha, au imo lakini mstari wake unaishia na `(rev ff)`, basi kerneli, yaani kiini cha Linux, haiwasiliani nayo tena. Hiyo `ff` hutokea kwa sababu kifaa kisichojibu kwenye njia ya PCI, inayounganisha kadi na ubao mama, husomeka kana kwamba biti zake zote ni 1. Kadi ikiwa ipo ila hakuna mstari wa `Kernel driver in use`, kosa liko kwenye draiva, programu inayoiendesha kadi. Mstari huo ukitaja `vfio-pci`, kuna mtu ameitenga kadi kwa ajili ya mashine pepe. Muulizeni kabla ya kufungua kasha.

Kwa dalili ulizoeleza, tunashuku hali ya kwanza. Hakikisha kwa `dmesg -T | grep -iE 'pcie|aer'`. Kadi za Intel zinazotumia draiva ya `igb` huacha ujumbe ulio wazi: `PCIe link lost`. Kisha jaribu kuirudisha bila kuzima seva. Chukua namba ya kadi kutoka kwenye `lspci`, tuseme ni 03:00.0:

`echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/remove`
`echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan`

Tumetumia `tee` makusudi. Ukiandika `sudo echo 1 >` utakataliwa, kwa sababu anayefungua faili hapo ni sheli yako ya kawaida, siyo root, msimamizi mkuu wa mashine.

Ikirudi, mtuhumiwa wa kwanza ni ASPM, utaratibu wa kuokoa umeme kwenye PCIe: njia inalazwa kidogo, kadi inashindwa kuamka. Wengi huongeza `pcie_aspm=off` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub` (mipangilio ya GRUB, programu inayoanzisha Linux), wakaendesha `update-grub`, wakadhani wamemaliza. Neno hilo huiambia kerneli isiguse mipangilio ya ASPM. Kama baiosi (BIOS, programu ya ubao mama) ilikwishaiwasha, inabaki imewashwa vilevile. Izime kwenye baiosi pia, kisha hakiki:

`sudo lspci -vv -s 03:00.0 | grep LnkCtl`

Unataka kuona `ASPM Disabled`. Ukiona `L1 Enabled`, kazi bado.

Isiporudi kwa `rescan`, zima seva na uchomoe nyaya zote za umeme kwa dakika moja hivi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwani kadi nyingi huendelea kupata umeme wa akiba ili ziweze kuiamsha mashine kupitia mtandao. Ukiwa hapo, ichomoe kadi uirudishe kwa nguvu sawa pande zote, au uihamishie kwenye nafasi nyingine. Tatizo likiifuata kadi, badilisha kadi. Likibaki kwenye nafasi ileile, tazama ubao mama.

Swali: Nimeongeza diski ya NVMe, hakuna kingine nilichogusa. Sasa seva haipati mtandao, na badala ya `enp3s0` naona `enp4s0`.

Jibu: Hapa hakuna kilichopotea ila jina. Tangu systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) toleo la 197, la mwaka 2013, jina la kadi hutokana na mahali ilipo: `p3` ni namba ya njia ya PCI, `s0` ni nafasi. Diski mpya imesukuma namba za njia, na faili lako la mipangilio bado linamwita mtu aliyehama. Unaweza kusahihisha jina humo na mambo yakaisha, mpaka utakapoongeza kifaa kingine. Afadhali uifunge kadi kwa anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi yenyewe), ndani ya `/etc/systemd/network/10-lan0.link`:

```
[Match]
PermanentMACAddress=00:00:5e:00:53:01

[Link]
Name=lan0
```

Weka anwani yako, endesha `update-initramfs -u` kwenye Debian na Ubuntu au `dracut -f` kwenye jamii ya Red Hat (amri hizi huunda upya faili la kuanzishia Linux), uandike `lan0` kwenye mipangilio ya mtandao, ndipo uwashe upya. Ukitumia `MACAddress=` peke yake, VLAN na daraja (mitandao pepe inayojengwa juu ya kadi) zinazoazima anwani hiyohiyo zinaweza kunaswa nazo. Jina lisizidi herufi 15, wala usichague `eth0`: kerneli yenyewe hugawa majina hayo na mtagongana.

Swali: Baada ya kusasisha kerneli, `lspci` inaonyesha kadi lakini draiva haipo.

Jibu: Rudi kwanza kwenye kerneli ya zamani kupitia menyu ya GRUB, upate mtandao wa kupakulia vitu. Kama draiva ilijengwa kando, `dkms status` itakuambia kama imejengwa kwa kerneli mpya. Mara nyingi kilichokosekana ni vichwa (headers) vya kerneli hiyo, yaani faili za kujengea draiva. Kwenye Ubuntu, angalia pia kama `linux-modules-extra` ya toleo hilo imesakinishwa. Na `modprobe` ikijibu `Key was rejected by service`, draiva ipo na ni nzima, ila Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na sahihi inayoaminika, haitambui sahihi yake: sajili ufunguo kwa `mokutil --import`, kisha uthibitishe kwenye skrini ya buluu seva inapowaka. Skrini hiyo hutokea kabla ya Linux kuanza, kwa hiyo SSH (kuingia kwa mbali) haitakufikisha hapo.